Shilingi Tano kwa Kifo

Bei zilikuwa mbili, zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye boksi la sigara lililopasuliwa: MPIRA DAKIKA 10 SH. 5. ZOMBI KIFO 1 SH. 5. Kaka yangu ndiye aliyeziandika mwaka 1999, na boksi hilo lilibandikwa ukutani juu ya televisheni ya mama, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu Amalemba, mjini Kakamega. Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, namjibu kwamba nilikuwa nikihesabu vifo.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa duka la mafuta ya taa na sabuni ya kipande, na harufu ya mafuta hayo haijatoka hadi leo. Tulikuwa na viti viwili vya plastiki vya wachezaji, benchi moja la watazamaji, na televisheni ya Great Wall ya inchi 14 ambayo mama alitupa kwa sharti moja: usiku ifunikwe kitambaa chake cha kufuma, kama ilivyokuwa ikifunikwa sebuleni. Pleisteshoni ilikuwa ya kaka. Aliinunua kwa mtu aliyetoka nayo Nairobi, ya kijivu, imeshatiwa chipu ili ikubali sidii za kunakili. Ilikuwa na ugonjwa wa mashine zile za kwanza: ikipata joto inakataa kusoma mpaka uigeuze kichwa chini, nayo icheze hivyo hivyo kama popo.

Hatukuwa wa kwanza. Kabla yetu yalikuwapo mabanda ya video yenye filamu za karate, na kabla ya pleisteshoni zilikuwapo zile mashine za bei nafuu za kuchomeka kwenye televisheni, zenye kaseti za manjano zilizoandikwa kuwa zina gemu 9999 ndani, kumbe ni nne zinazorudiwarudiwa. Tulizicheza kwa majirani, mikono nyuma ukisubiri zamu. Hizo sitazisemea sana. Mpira pia sitausemea, ingawa ndio uliotulisha: kila aliyekulia Kenya miaka hiyo anayo hadithi yake ya mpira wa gemu, na zote ni moja. Mimi nataka kuandika kuhusu ile bei ya pili.

Sidii ya kwanza ya kutisha ilitufikia kwa mchuuzi aliyepita na begi la mgongoni. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, bila jalada, imeandikwa kwa mkono neno ZOMBI. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ilikuwa Resident Evil, ya kampuni ya Capcom ya Japani, iliyotoka 1996. Sisi hatukuwa na kijitabu cha maelezo, na muhimu zaidi, hatukuwa na kadi ya kumbukumbu. Katika gemu ile mchezaji huhifadhi alipofika kwa kutumia taipureta zilizowekwa vyumbani. Tuliziona taipureta hizo, tukadhani ni mapambo ya nyumba ya tajiri. Kwa hiyo kila asubuhi mchezo ulianza upya mlangoni. Kwa muda wa karibu mwaka mzima hakuna mtu Amalemba aliyejua jumba lile linaishia wapi, lakini nusu saa ya kwanza tuliijua kama njia ya kwenda mtoni.

Kuna ukumbi mmoja wa kupita, una madirisha upande mmoja, kimya. Unatembea, unasikia hatua zako, na ghafla mbwa waliooza wanavunja vioo na kukuangukia. Wateja wetu wa kila siku walijua dirisha gani na hatua ya ngapi. Basi akija mgeni, hasa mvulana wa bweni aliyefunga shule na anayejidai, hakuna aliyemwambia neno. Padi anapewa kwa heshima zote. Benchi linajaa. Watu wanaacha kutazama televisheni, wanamtazama yeye. Siku moja mgeni aliruka na padi mkononi, waya ukaivuta pleisteshoni nzima ikaanguka chini, ikaendelea kucheza. Kaka alimdai shilingi tano na hakumdai zaidi, kwa sababu benchi lilikuwa limecheka hadi jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba biashara na hofu hazipatani vizuri. Mpira una dakika kumi na wachezaji wawili. Kwa saa moja kiti hakipoi. Gemu ya kutisha ina mtu mmoja, inataka giza, inataka ukimya, na haina mwisho unaojulikana. Ndiyo maana kaka alibuni kutoza kwa kifo. Iliendelea vizuri mpaka akaja kijana wa Shirere. Alikuwa mwembamba, mpole, anashika padi kama anayeshika yai. Hakufa. Aliingia saa nane mchana na shilingi tano yake, na hadi mama alipoanza kupika ugali wa jioni alikuwa bado hai, anatembea polepole, anafungua kila droo, na foleni ya watu wa mpira imeshahamia banda jingine. Kesho yake boksi la sigara liliongezwa mstari wa tatu: AMA NUSU SAA. Kijana wa Shirere alilitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Boss, unaniua mwenyewe."

Lazima nieleze hewa ya miaka ile, la sivyo mtu aliyezaliwa juzi atadhani tulikuwa tukicheza tu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ilifika bungeni 1999, mwaka ule ule tuliofungua mlango. Mahubiri yalijaa mambo hayo. Nembo kwenye fulana, nyimbo, hata bangili, kila kitu kilichunguzwa. Sasa wewe weka maiti zinazotembea kwenye chumba cha mbele, mkabala na barabara, halafu usubiri. Mzee mmoja wa kanisa la karibu alikuja mchana, fimbo mkononi, akasimama mlangoni akiziba mwanga. Kaka alikuwa na vidole vyepesi: alifungua kifuniko, akatoa zombi, akaingiza mpira. Kufikia wakati macho ya mzee yalipozoea giza, uwanjani palikuwa na Brazil na Italia. Mzee akakaa pembeni ya benchi. Baada ya muda akauliza, "Nani anaongoza?" Hakurudi tena kutukemea, ingawa mama alisema alimsikia akiulizia bei.

Mtu pekee aliyeitazama gemu ile kwa makini ya haki alikuwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba, aliyekuja kutoka Isukha kwa ajili ya macho yake na akalala kwetu wiki mbili. Kukhu ndiye aliyetusimulia habari za linani tukiwa wadogo, yule zimwi mla watu, na alisimulia usiku tu. Mchana ukimwomba alikutuma kuokota kuni. Aliketi kwenye benchi kati ya wavulana, akauliza mbona yule kijana ndani ya televisheni hazungumzi na maiti. Tukamwambia zombi hasemi, kukhu, unampiga risasi. Akanyamaza kidogo. Akasema linani angalau humwuliza mtu anakwenda wapi, nawe ukiwa na akili unapata la kumjibu, unamdanganya, unamwimbia, unapita. Huyu hana swali. Huyu ni njaa tu. Akaomba apelekwe kulala.

Nimesoma makala kadhaa za wataalamu kuhusu michezo ya kutisha, na sijaona aliyeligusa jambo hilo kama alivyoligusa mwanamke yule ambaye hakuona vizuri hata kioo chenyewe.

Baada ya zombi ilikuja Silent Hill, nayo ya 1999, ya Konami. Hii ilituumiza kibiashara kabisa. Mji wake umejaa ukungu, na Kakamega tunaufahamu ukungu: asubuhi msimu wa mvua unatoka upande wa msitu ukakaa barabarani kama moshi wa jikoni. Mchezaji anabeba redio ndogo mfukoni, na jinamizi likikaribia redio inaanza kukwaruza. Jioni moja chumba kimejaa, kijana wa Shirere yuko ndani ya ukungu, kimya kabisa. Jikoni mama alikuwa akitafuta stesheni apate matangazo ya vifo. Redio yake ikakwaruza. Sijui nani alitangulia, lakini benchi lilibaki tupu na kiti kimoja cha plastiki kilivunjika mguu mlangoni. Mama alitoka na mwiko, akauliza kama ni moto.

Hofu hiyo ilikuwa ya pamoja, ndiyo maana ilikuwa tamu. Mtu anayecheza peke yake chumbani anaogopa kwa bei nyingine. Sisi tulikuwa kumi na watano kwenye hofu moja, tukiigawana kama mkate, na ikiisha tunacheka njiani, wawili wawili, kwa sababu kurudi Shirere au Mahiakalo usiku kuna giza halisi na kuna abalosi, wale wachawi wanaosemekana kukimbia uchi usiku wakirusha mawe juu ya mabati. Hakuna aliyesema kwamba anaogopa zombi. Wote walisema wanaogopa mbwa wa majirani.

Radi ndiyo iliyofunga sura ya kwanza. Kakamega mvua huja alasiri, na huja na radi zisizo na adabu. Mwaka 2003 moja ilipiga nguzo ya stima nje, na ile ya kijivu ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua. Tukanunua pleisteshoni ya pili, kisha nyingine. Tulikuwa na televisheni tatu kufikia 2008. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na miaka michache baadaye kila mwanafunzi alikuwa na simu yenye gemu ndani. Tulifunga 2013. Kaka akaenda Nairobi, mimi nikabaki katika chumba kile kile, nikajifunza kuchoma waya kwa risasi na kutengeneza simu na laputopu.

Ndivyo nilivyokutana na Volterra.

Mwaka 2017 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro aliniletea laputopu ambayo feni yake ilikuwa imekufa. Nilipoibadilisha alitaka kuijaribu kwa kitu kizito, akafungua gemu ya Italia inayoitwa The Town of Light. Italia nilikuwa "nimeshafika" kwa njia ya gemu: ile Assassin's Creed ya pili, ya 2009, ilitupandisha juu ya mapaa ya Florence na Venice, na kuna vijana wa Amalemba walioijua njia ya kwenda kanisa kuu la Florence kabla hawajaijua ya Mombasa. Nikadhani ni mapaa tena. Haikuwa hivyo. Ilikuwa mlango wa jengo kuu la zamani, majani yamelivamia, na mwanamke asiyeonekana anayesema na nafsi yake.

Gemu hiyo ilitoka Februari 2016, kazi ya studio ndogo ya LKA ya Florence iliyoongozwa na Luca Dalcò. Haina zombi. Haina bunduki. Unatembea ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Volterra, mji wa kilimani Toscana, iliyochorwa kutoka kwenye majengo yenyewe yaliyobaki magofu. Mhusika, Renée, ni wa kubuni: msichana wa miaka 16 aliyeingizwa humo 1938. Mahali si pa kubuni. Hospitali ile ilianza mwishoni mwa karne ya 19, ikakua ikawa kama mji, na jiko la mkate, dobi, mashamba, hata pesa zake za ndani, na maelfu ya watu. Barua walizoandika kwenda nyumbani ziliwekwa ndani ya mafaili, hazikupelekwa posta. Mwaka 1978 Italia ilipitisha sheria nambari 180, inayohusishwa na daktari Franco Basaglia, ikaanza kuzifunga hospitali za aina hiyo nchi nzima.

Mwanafunzi aliniambia habari moja ambayo nilikwenda kuitafuta, na ni kweli. Katika jengo moja la hospitali hiyo alikaa Fernando Oreste Nannetti, aliyezaliwa Roma 1927. Kwa miaka alichonga ukuta wa nje wa uani kwa ncha ya bizimu ya kizibao chake cha sare: maneno, nyota, mashine za kuruka, familia ya kubuni. Maandishi hayo yalifika urefu wa karibu mita 180. Husimuliwa kwamba wagonjwa wengine walikuwa wakiketi kwenye benchi, migongo ukutani, wasiosogea. Yeye hakuwaondoa, alichonga kuzunguka vichwa vyao. Hadi kesho nikiwaza benchi letu la Amalemba naona alama za vichwa.

Mama aliingia tukiwa tunacheza. Anazeeka sasa, anakuja kuketi dukani kwangu mchana. Renée alikuwa akisukuma kiti cha magurudumu chenye mwanasesere, katika ukumbi mrefu mweupe. Mama alisimama nyuma yetu muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mbele ya gemu yoyote. Baba alikuwa na dada, senge wetu, aliyechukuliwa kupelekwa hospitali ya mbali kabla mimi sijapata akili, na nyumbani jina la hospitali ile halikutajwa. Mama hakusema habari za senge. Aliuliza tu, "Huyu hakuna anayekuja kumwona?" Mwanafunzi akasema bado hatujafika hapo. Mama akatoka nje, akaketi juani.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza chumba kile kunyamaza bila mtu kuruka.

Nilichelewa kulala nikisoma. Kumbe Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, ilifunguliwa 1910 ikiwa na jina la Kiingereza lenye maana ya nyumba ya wendawazimu, ikabadilishwa jina 1924. Na mwaka 1938, ule ule wa Renée, aliyekabidhiwa uongozi wake alikuwa J. C. Carothers, daktari wa kikoloni ambaye baadaye, 1953, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani kudai kwamba ubongo wa Mwafrika haufanyi kazi kama wa Mzungu, na mwaka uliofuata akaandikia serikali ya Kenya kuhusu Maumau kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa. Zombi wa Capcom hana la kumfanya mtu aliyesoma hayo usiku.

Wakenya tumetengeneza gemu, tusijidharau. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, msichana anayetafuta vitu vya kale. Andrew Kaggia, yule wa katuni ya Wageuzi ya wanasiasa wanaogeuka magari, alitoa Nairobi X mwaka 2015, mwanajeshi akipigana na viumbe kutoka angani katikati ya Nairobi. Niliicheza na nilifurahi kuona jiji letu. Lakini viumbe wa angani ni wageni. Ukishawamaliza, wanakwenda zao. Watu wa Florence walifanya kinyume: walifungua nyumba ya jirani yao wenyewe, inayojulikana, ambayo bibi zao waliitaja kwa sauti ya chini.

Mwanafunzi alikuwa na wazo, na ndiyo sababu alikuwa na gemu ile. Alitaka kutengeneza ya Rosterman.

Rosterman iko upande wa magharibi wa mji. Dhahabu ilipatikana Kakamega 1931, Wazungu wakafurika na mahema. Mwaka 1930 sheria ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya akiba ya wenyeji haitachukuliwa bila kulipwa kwa ardhi nyingine; Desemba 1932 ahadi hiyo ikarekebishwa ili wachimbaji wapite. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952, kisha wenye nao wakaondoka, mashimo yakabaki na kujaa maji. Watu wa hapo wanaendelea kuchimba kwa mkono, kina mama wakiponda mawe kwa nyundo na kuyachekecha. Tulipokuwa wadogo Rosterman ilikuwa tishio: usipomaliza chakula utatupwa shimoni na mzungu aliyebaki chini atakula mguu wako. Mwanafunzi hakutaka yule mzungu awepo. Alitaka uteremke tu, na taa, na usikie.

Tulikwenda Jumamosi moja kurekodi sauti kwa simu. Kwenye shimo la zamani lililozungushiwa miiba alichagua jiwe la ukubwa wa ngumi, akanipa ishara ninyamaze, akaliachilia. Nilihesabu moyoni. Nilisikia maji, kwa mbali, na kitu kama pumzi. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika, saa tisa kasoro, tukakimbilia bodaboda.

Rekodi hiyo ninayo. Jiwe halisikiki kabisa. Kinachosikika ni nyundo za kina mama, tok, tok, kisha zinasimama, na mmoja wao anauliza kwa sauti kubwa, "Nyinyi ni wa kununua ama ni wa kupita?"